Ufunguo wa Baba Ulipopanda Basi la Mhunze

Shaba ikishikwa na mkono wenye jasho huacha harufu yake, harufu ya sarafu ambayo mtoto ameikalisha mdomoni. Mimi huipata kila siku ya kazi, kwa sababu ni fundi umeme katika kiwanda cha kuchambua pamba hapa Shinyanga, na shingoni navaa kamba yenye ufunguo mmoja wa kufuli jekundu. Nikiuvua jioni na kunusa kiganja, narudi Geita moja kwa moja. Nina miaka minane, nimesimama kando ya kitanda cha wazazi wangu, naiba.

Msiharakishe kunihukumu. Sikuiba kwa tamaa.

Baba yangu, Masanja, alikuwa fundi umeme wa kampuni moja iliyosaga mawe ya dhahabu nje kidogo ya mji. Nyumba yetu ilikuwa karibu na kampuni hiyo, tukasikia krasha, ile mashine ya kusagia mawe, likinguruma mchana kutwa, na tulilizoea kiasi kwamba lilipokaa kimya ndipo tuliposhtuka. King'ora nacho tulikijua. Kikilia kifupi, zamu inabadilishwa, na mama anabandika sufuria. Kikilia kirefu, mtu ameumia. Hapo kila mwanamke wa mtaa wetu alitoka akasimama mlangoni kwake, akingoja kusikia ni wa nyumba gani.

Siku moja kililia kirefu kwa ajili ya Saidi. Saidi alikuwa rafiki wa baba, mtu wa Tanga aliyekuja Geita kutafuta maisha, mcheshi kupita wote. Alikuwa ameinamia mota ya krasha akikaza nyaya, na mtu wa zamu nyingine, asiyejua kwamba kuna mwenzake kule, akawasha swichi kubwa. Mungu alimnusuru, lakini mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole viwili. Alipotoka hospitali alikuja kwetu, akanionyesha bandeji na kunitania ili nisiogope.

"Umeme hauna shemeji, Kabula," alisema. "Hata uuchekee vipi."

Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kutokana na ajali ile, tawi la chama cha wafanyakazi likaamka. Mafundi umeme walikuwa kumi na mmoja, na baba ndiye aliyekuwa katibu wao. Walikutana uani kwetu kila Jumapili baada ya ibada, wakila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa pamoja na karanga. Saidi, ambaye hakuwa na kanisa la kutokea, aliwahi kufika kuliko wote, akidai kwamba anawawekea wenzake nafasi. Wenzake walipofika, nafasi walizikuta. Michembe walikuta nusu.

Walikuwa na dai moja: kila fundi awe na kufuli lake. Kabla ya kugusa mashine, swichi kubwa inazimwa, na kila anayeingia kazini anatundika kufuli lake pale kwenye swichi. Wakiingia watano, makufuli matano. Swichi haiwezi kuwashwa mpaka wa mwisho atoke na kufungua la kwake. Zamani kufuli lilikuwa moja tu, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari katika ofisi ya msimamizi, ambako yeyote mwenye haraka angeweza kuuchukua.

Baada ya vikao vingi, kampuni ilikubali kujaribu mpaka masika yaishe. Makufuli yasipochelewesha kazi, yataandikwa katika mkataba wa hali bora kati ya chama na kampuni. Yakichelewesha, tunarudi kwenye msumari. Jumapili hiyo baba alisimama uani akasoma kanuni waliyoitunga wenyewe: kufuli halikatwi, hulifungua mwenyewe, kwa mkono wake, kwa ufunguo wake, na ufunguo ni mmoja tu. Kijana mmoja akauliza, je, ukipotea? Mwenyekiti, mzee wa Chato mwenye sauti nzito, akajibu kwamba fundi anayepoteza uhai wake mwenyewe hafai kukabidhiwa hata balbu. Watu wakapiga makofi. Waliogopa ujanja wa wakubwa kiasi cha kusahau kwamba majumbani mwao mna watoto.

Nilimuuliza baba kwa nini hauvui ufunguo hata wakati wa kula.

"Huu ndio uhai wangu," alisema. "Kufuli likiwa limefungwa na ufunguo uko salama, hakuna mtu duniani wa kuniwashia umeme."

Nililielewa kila neno.

Masika yalikuwa yakielekea ukingoni mota ya krasha ilipoungua. Mafundi walifanya kazi siku mbili mfululizo. Ijumaa jioni baba alirudi na ufunguo shingoni, maana kufuli lake lilikuwa bado kwenye swichi, na nikamsikia akimwambia mama kwamba kesho asubuhi wanamaliza. Msimamizi alikuwa akiwakimbiza. Jina lake nimelisahau; kwetu aliitwa Mzee Haraka, na hata watoto tulijua kuiga mwendo wake.

"Utaingia tena mle?" mama aliuliza.

"Kidogo tu. Kukagua, kisha nafungua."

Sikusikia mengine. Niliviona vidole vya Saidi. Nikaamua kwamba ufunguo lazima uende mahali salama, na mahali pekee salama nilipopajua palikuwa kwa Bibi. Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa kwetu wiki mbili, na Jumamosi alfajiri alikuwa anarudi kwake Mhunze. Vyeti vya ubatizo vya ukoo mzima alikuwa navyo yeye. Karatasi za shamba alikuwa nazo yeye. Alikuwa na msemo wake, "Kilichoingia kwangu hakijui kupotea," na sikumbuki kuona ukimsuta.

Asubuhi ile baba alipokuwa akioga, kamba yake ilikuwa kwenye msumari juu ya kitanda. Nikaufungua ufunguo kutoka kwenye kamba. Ili kamba isibaki tupu, nikauweka mwingine wa umbo lilelile, ule wa sanduku la bati ambamo mama alitunza vitenge vyake. Mikono yangu ilinuka shaba. Nikaenda kwenye mzigo wa Bibi, nikauzamisha ufunguo wa baba kwenye pembe ya khanga iliyofungiwa sukari, nikapiga fundo la kitoto. Muda mfupi baadaye mama akaja kukagua mzigo. Aliligusa lile fundo, akalifungua kidogo, akalifunga upya kwa nguvu. Kisha tukamsindikiza Bibi stendi.

Kwa hiyo baba yangu, katibu wa tawi, alikwenda kuamsha krasha la dhahabu kwa ufunguo wa sanduku la vitenge.

Saa tatu krasha lilikuwa kimya. Saa nne likawa bado kimya. Nilifurahi, maana kwangu kimya kile kilikuwa na maana kwamba baba yuko salama. Ndipo gari la kampuni liliposimama nje. Alishuka baba, jasho limemloweka, akafuatwa na Saidi, na nyuma yao Mzee Haraka amebeba mkasi mkubwa wa kukatia vyuma. Walipekua kitanda, wakapekua mifuko ya suruali, wakakung'uta hata viatu. Mafundi wengine wote walikuwa wameshafungua makufuli yao. Lilibaki moja.

"Masanja," alisema Mzee Haraka, na kwa haki yake niseme kwamba hakupandisha sauti, "kufuli ni lako, na wewe mwenyewe upo hapa mzima. Sema neno moja nikate, twende kazini."

"Leo utakata kwa ruhusa yangu. Kesho mwenzangu yuko ndani, utakata kwa ruhusa ya nani?"

"Basi nitaandika kwamba makufuli yamechelewesha kazi. Unajua maana yake."

Baba alijua. Saidi naye alijua, akauficha ule mkono wake mfukoni. Ni mkono ule ulionitoa machozi. Nikasema kwamba ufunguo uko kwa Bibi.

Kisha baba akanijia, mkono tayari uko kwenye mkanda. Hakuwa mtu wa kupiga, lakini siku hiyo angenipiga, na sikumlaumu hata wakati ule. Mama akasimama katikati yetu.

"Usimguse mtoto, Baba Kabula."

Alisema taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Baba akamtazama, akaushusha mkono. Mimi niliona kwamba nimependelewa tu, nikashukuru.

Simu ya Bibi ilikuwa imezimwa, kwa sababu aliamini kwamba chaji hutunzwa kwa kuzima. Ikabidi baba akimbie kwa wakala wa basi, wakala ampigie kondakta, na kondakta amtafute Bibi ndani ya basi, ambalo lilikuwa linaingia Kahama. Wakamwomba ampe ufunguo dereva wa basi linalokuja Geita, kama watu wanavyotuma vifurushi kila siku. Bibi akauliza ufunguo wenyewe ni wa nini. Alipoelezwa kwamba ndio uhai wa Masanja, akakataa. Alishuka na sukari yake, akangoja basi la kurudi lenye nafasi, akalipanda.

Mimi na mama tulimpokea stendi saa kumi jioni, khanga yake nyekundu kwa vumbi. Fundo alikuwa amelishika mkononi.

"Ni kweli hii ni roho ya Masanja?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nawe ukaichanganya na sukari." Akanishika kichwa. "Haya, tumpelekee."

Bajaji ilitufikisha mpaka geti la kampuni. Mafundi wote walikuwa wamekaa chini, wameegemea ukuta. Mzee Haraka alikuwa amesimama peke yake na mkasi wake. Meneja mwenyewe alitoka, mtu mrefu aliyevaa kofia nyeupe, akamwamkia Bibi kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwadila," akaongeza salamu ya Kisukuma.

"Mama, ungempa dereva tu, ufunguo ungefika tangu saa saba."

Bibi akalibana fundo kiganjani. "Wewe, mwanangu, roho yako ungempa dereva?"

Bibi akafungua fundo kwa meno, akaupuliza ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha baba na kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja. Baba akaingia ndani. Baadaye king'ora kikalia kifupi, na krasha likaanza kunguruma. Mafundi walisimama, wakajikung'uta vumbi. Saidi akasema, "Wabeja, mayu," yaani asante mama, kwa Kisukuma chake kilichonuka bahari, na Bibi akacheka mpaka akajifuta macho.

Jumatatu baba alipewa barua ya onyo. Jumanne mafundi wenzake kumi walijipanga mlangoni kwa meneja, wakaomba nao waandikiwe, kwa sababu kanuni waliitunga wote. Baba alinihadithia kwamba meneja aliwatazama, akaitazama karatasi, akawaambia warudi kazini kabla wino haujaisha. Hata hivyo, wiki zile zilizobaki tuliishi roho mkononi. Michembe ya Jumapili ilibaki kwenye sahani, na Saidi hakuwahi tena kuja mapema.

Masika yalipoisha waliitwa kikaoni. Mzee Haraka alisoma taarifa yake: siku moja ya kazi imepotea kwa sababu ya kufuli. Meneja akasema kwamba ni kweli. Kisha akasema kwamba siku hiyo alikuwa ameagiza mara tatu swichi iwashwe, na mara tatu haikuwashwa, yeye akiwa meneja. Kwa hiyo makufuli yanafanya kazi yake. Yakaandikwa katika mkataba. Tawi nalo likarekebisha kanuni: ufunguo ukipotea, mwenye kufuli analikata mwenyewe mbele ya wenzake wawili. Mwezi huohuo Mzee Haraka, ambaye naye huingia kwenye mashine kama wengine, alikuja kwa baba bila haraka yoyote, akaomba kufuli lake.

Baba amestaafu na vidole vyake kumi. Analima dengu Mhunze, katika shamba ambalo karatasi zake Bibi hakuzipoteza mpaka alipotutoka. Mimi niliufuata umeme, na leo ni mwakilishi wa usalama wa tawi letu kiwandani. Mwaka jana mafundi wapya walikuja nyumbani kwangu kikaoni, nikawahadithia kisa hiki ili wacheke na wakumbuke. Mama alikuwa amekuja kunitembelea, na ndiye aliyetupikia. Walipoondoka tulikuwa tunaosha vyombo, akasema bila kunitazama:

"Nilikuona."

"Uliniona wapi?"

"Fundo lako lilikuwa bovu, Kabula. Nililifungua, nikauona ufunguo. Nikalikaza."

Sahani ilinibaki mkononi. Nilimuuliza kwa nini.

"Siku ya Saidi nilisimama pale mlangoni muda mrefu kuliko wote. Nilitaka Jumamosi moja tu nipike bila kusikiliza king'ora. Sikujua itafika kwa meneja." Akasuuza kikombe kilichokuwa kimeshatakata. "Na wewe ungechapwa kwa kosa langu."

Kwa miaka yote hiyo nilidhani kwamba katika nyumba ile mwoga nilikuwa mimi peke yangu. Nilidhani wakubwa hawaogopi, kwa kuwa walitania na kula michembe. Sikujua kwamba chama kizima kiliamshwa na woga uleule wa mama na wangu, isipokuwa wao waliukalia kikao na kuuandika.

Siku hizi nikitoka kwenye mashine humpigia mama simu Mhunze kabla sijauvua ufunguo.

"Umefungua?" huniuliza.

"Nimefungua, Mama. Nimetoka."

Hapo ndipo humsikia akibandika sufuria.