Nilivyocheza na Kamusi Adhuhuri

Mimi ni mkutubi hapa Garissa, na nina mazoea matatu yasiyomdhuru mtu: kusoma, kumwagilia nanaa niliyoipanda kwenye madebe ya mafuta pale roshani kwangu, na kucheza huku nikimwagilia. Nikianza, huwa siko tena duniani.

Juzi alikuja Mama Ifrah, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Alitaka bintiye awe anasoma kwetu maktabani jioni, ila alihofia makelele. Nilimweleza polepole, kama ninavyomweleza kila mgeni, kwamba humu hata kiatu hakisikiki. Akaridhika. Kabla hajajaza fomu, adhana ya adhuhuri ikasikika, nikampa mkeka na kumwonyesha kona tulivu nyuma ya rafu ya atlasi.

Wasomaji wengine wakaenda msikitini. Nikafunga mlango, nikamwagilia chungu cha nanaa cha dirishani, na harufu yake ikanirudisha roshani kwangu. Nikaikumbatia kamusi kubwa, nikafumba macho, nikayumba kati ya rafu nikiimba, mabega juu, mabega chini. Mama Ifrah alikuwa amenitoka akilini kabisa.

Nilipofumbua macho, alikuwa amesimama mbele yangu, mkeka kwapani.

"Abaayo, dada yangu," akasema, "huu ukimya wako una miguu mingi."

Mimi mwenye maelezo ya kila kitu nikamsogezea fomu tu, kamusi ingali kifuani.

Akaivuta fomu. "Ifrah nitamwandikisha. Lakini iweke chini hiyo kamusi, dada. Umeichosha."