Tairi la Watu Wawili

Pikipiki ya Castory ilikuwa changa, ila sura yake ya kizee: tangi la mviringo la kijani, taa moja ya duara, bomba refu la kung'aa. Aliinunua kwa sababu padri wa utotoni mwake, kule Kongwa, alikuwa na ya namna hiyo, na ilipopita watoto waliacha kucheza. Sasa Castory alikuwa mgane wa hamsini na ushei, na kazi yake bungeni ni kusikiliza wanayosema wengine na kuyaandika neno kwa neno. Siku nzima maneno ya watu yalimpita masikioni. Ya kwake yalibaki kooni.

Yaliyobaki kooni yalimhusu Anastazia, muuguzi wa Mvumi, aliyemfunga mama yake kidonda cha mguu hadi kikapona. Kidonda kilipona, lakini Castory hakuacha kupita. Kila Jumamosi alimpelekea mama yake sukari hukohuko Mvumi, kisha akaenda kunywa chai barazani kwa Anastazia. Mara moja tu alimwalika mjini, wakale chakula cha mchana.

"Kwa pikipiki hiyo?" Anastazia akauliza, akiionyesha kwa kidevu. "Kaka Castory, mimi niko wodi ya mifupa. Naona zinavyotuletea watu. Nitakuja na basi, siku moja."

Siku hiyo moja haikufika.

Mvua zilipokatika, tairi la nyuma lilikuwa kipara kitupu. Castory akaenda dukani kwa Alnashir, karibu na soko, duka alilorithi kwa baba yake. Pale dirishani palining'inia tairi ambalo macho yake yalikuwa yakilichumbia siku nyingi, lenye mistari myembamba kama ya mikeka.

"Lile," akasema.

"Lile pambo, bwana. Limekaa hapo na jua la Dodoma tangu wanangu wako shule. Hebu libonyeze."

Castory akalibonyeza kwa dole gumba. Gumu kama ukwato.

"Limekauka. Kwa macho zuri, njiani litakuangusha. Ninalo jipya la mistari hiyohiyo, la lami, litapendeza. Lakini kwanza niambie, unapanda peke yako au mnapakiana?"

Fundi Mazengo alikuwa amechutama kwenye beseni la maji akitafuta pancha. Mkono wake ukasimama.

"Wawili," Castory akasema. Neno lilimtoka kabla hajaliruhusu.

"Wawili!" Mazengo akaangua kicheko. "Na nani, mzee? Hicho kiti cha nyuma kina vumbi la tangu kizaliwe!"

"Mazengo, tafuta pancha," Alnashir akasema, naye anatabasamu. "Na njia ni ipi?"

"Ya Mvumi."

"Ile yenye korongo la mchanga?"

"Hiyohiyo."

Alnashir akaingia stoo, akarudi na tairi nene, jeusi tii, lenye meno makubwa. "Hili litawabeba, na mchanga litaukanyaga. Ila sikufichi, pikipiki yako itaharibika sura. Itakuwa kama bibi harusi aliyevaa gambuti."

Castory akaitazama pikipiki yake. Akamkumbuka padri, akawakumbuka wale watoto walioacha kucheza. Kisha akakifuta kile kiti cha nyuma kwa kiganja.

"Fungeni hilo," akasema. "Na la mbele liwe nduguye."

Jumamosi Anastazia alitoka na birika, akasimama mlangoni.

"Umeifanya nini?"

"Nimebadilisha matairi."

"Imekuwa mbaya."

"Najua."

Akaliweka birika chini, akachutama, kitenge kakibana magotini. Akalibonyeza lile tairi kama anavyobonyeza mguu uliovimba. Alimjua mtu huyu: hulifuta bomba la pikipiki kwa leso kabla hajabisha hodi.

"Na wewe umeyapenda?"

"Sikuyapenda," Castory akasema. "Niliulizwa napanda peke yangu au tuko wawili. Nikasema wawili. Na wewe sikuwa nimekuuliza."

Anastazia akainuka, akaingia ndani. Castory akabaki na chai isiyomiminwa. Kwenye usukani zilining'inia kofia ngumu mbili, na hakuna aliyekuwa ameitaja ile ya pili.

Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya kufunga kamba. Akaichukua ile kofia, akaikagua ndani, akaivaa.

"Mpaka korongoni tu," akasema.

Korongoni akateremka. "Vuka peke yako nione."

Castory akavuka. Gurudumu likazama kidogo, likachimba, likaibuka. Anastazia, mikono kiunoni, akaufuata kwa macho mchirizi ulioachwa mchangani, tangu ukingo huu hadi ule.

"Haya, rudi!"

Akarudi. Anastazia akapanda, akashika keria nyuma yake kwa mikono yote miwili. Katikati ya mchanga mkia wa pikipiki ukayumba, na mkono mmoja ukaiacha keria, ukalidaka koti la Castory ubavuni. Hawakuanguka. Meno ya tairi yakauma mchanga, wakapanda ukingo.

Castory akaanza kupunguza mwendo amteremshe, maana ahadi ilikuwa mpaka korongoni tu.

"Unapunguza nini sasa?" ikauliza sauti nyuma yake, na koti halikuachiwa. "Mjini si mbele huko?"