Kura si Kula

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimejicheka mpaka mbavu zimechoka. Nilikuwa nasomea uzamili, nachunguza maisha ya ualimu ya mshairi mmoja, marehemu, aliyefundisha shule ya msingi huku Kiganjo, na msimamizi wangu, Dokta, alikuwa ameshanionya: nilete kitu kipya ama nitafute mada nyingine. Sasa siku moja katibu wa shule hiyo akanitolea faili la mshairi, vumbi tupu, na ndani nikakuta karatasi ya mwandiko wake:

Kura si kula.
Mahari si mahali.
Fahari si fahali.

Wueh! Shairi la siasa ambalo hakuna profesa amewahi kuliona! Katibu alikuwa anataka kufunga ofisi aende lanchi, kwa hivyo nikapiga picha upande mmoja, nikaondoka. (Kugeuza karatasi ni kazi ya watu wasio na kipaji.)

Kulipofanywa kumbukumbu ya mshairi katika ukumbi wa kanisa, Ruiru, nikaomba nafasi ya kuongea. Mjane wake alikuwa mbele, Dokta kando yake, na wanafunzi wa zamani wamejaa nyuma, wazee sasa. Nikaeleza, tena kwa mikono, kwamba "kula" ni ufisadi, "mahari" ni ardhi iliyouzwa, "fahali" ni serikali (eti serikali!), nikaona Dokta anaandika, nikanogewa, nikasoma kwa sauti ya mhubiri: "Kula si kura! Mahali si mahari! Fahali si fahari!"

(Ulimi wangu ni wa kwetu, niacheni.)

Mzee mmoja akasimama akicheka mpaka machozi. "Hivyo hivyo ndivyo tulikuwa tunakosea! Darasa la nne! Mwalimu alinisimamisha juu ya dawati niirudie mpaka kengele!"

Ukumbi wote ukaanza kuikariri, na vizuri kunishinda. Shosho mjane akanishika mkono kwa huruma. "Mami, hiyo si shairi. Ni ya watoto wa kuchanganya r na l. Kwani nyuma ya karatasi hukusoma?"

Dokta akafunga kalamu. Nilitamani kulia.

Kesho yake nikarudi Kiganjo, nikageuza karatasi: "Zoezi la matamshi. Atakayeshindwa arudie kesho."

Siku hizi nageuza hata risiti ya supamaketi. Zoezi pia nalifanya, kila asubuhi mbele ya kioo: kura na kula nimeziweza, mahari na mahali pia. Fahari ndiyo bado inanisumbua.