Matanga ya Mfupa wa Mgeni

Nilikuwa fundi wa breki relini, Kindu. Siku moja nikateleza juu ya behewa, nikaanguka, kifundo cha mguu wa kulia kikasagika. Nikapelekwa Ulaya, nikawekewa kifundo cha chuma na plastiki. Nilirudi nikitamba. Baada ya miaka miwili chuma kikalegea. Kila hatua ilikuwa kisu, na kililia ka-ka-ka, hata mke wangu akijua nimefika kabla sijabisha hodi.

Nikarudishwa Ulaya. Daktari akatoa kile chuma, akajaza pengo kwa kipande cha mfupa wa mtu aliyefariki, akaikaza mifupa yote kwa skrubu ishikane iwe mmoja. "Kifundo hakitapinda tena," alisema, "lakini maumivu yatakwisha."

Kosa langu lilikuwa kumweleza mama yote hayo siku ileile niliyofika, ningali na plasta na magongo.

Mama akaacha kupepeta mchele. "Mufupa ya nani?"

"Sijui, mama. Hawasemi jina."

"Na alikufa?"

"Alikufa."

"Sasa unatembea naye tu, hata matanga haukumufanyia?"

Ijumaa nikakuta turubai uani, sufuria za wali, sombe ya majani ya muhogo na samaki, na majirani tele. Walinishika mkono, lakini pole zao walikipa kifundo. Shangazi yangu alilia machozi ya kweli. Baadaye aliniambia alianza kwa adabu, kisha akamkumbuka marehemu mumewe.

Shehe aliyeitwa kusoma dua akauliza, "Marehemu aliitwa nani?"

Mama akanitazama. Nikasema, "Shehe, sisi tuko na mufupa tu."

Shehe akafikiri kidogo. Akasema atawaombea wafu wote wa mji, na huyo mgeni Mungu anamjua.

Kabla hajaanza, akaingia mkubwa wa chama wa mtaa wetu, beji kifuani, amekasirika. Siku zile kila mtu aliitwa sitwaye, yaani raia, na hakuna aliyeruhusiwa kukusanya watu bila yeye kujua.

"Sitwaye, nani amekufa hapa?"

"Muntu wa Ulaya," nikajibu.

"Maiti iko wapi?"

Mama akaonyesha mguu wangu. Mkubwa akafungua daftari, akaandika neno moja, akalifuta. "Iko na karte ya uraia?"

"Haina," akasema mama. "Kaa, ukule."

Akakaa. Alikula sahani mbili.

Mimi nilikuwa nimeuma midomo nisicheke. Lakini shehe alipoanza kusoma, kicheko kikaniishia. Kwa mara ya kwanza nikamfikiria mtu huyo: pengine mwanamke, pengine mwalimu, naye pia ana mama. Huko hospitali niliuliza habari za skrubu tu. Niliona aibu.

Mfupa ulishika. Miezi ikapita, nikaacha magongo, nikapewa kazi ya kukaa, kwenye stoo ya vipuri. Ngazi nazipanda upandeupande kama kaa. Na msikitini, kwa kuwa kifundo hakikunjiki, naukalisha mguu ule pembeni, na jirani yangu safuni husogea kidogo bila kuambiwa.