Ruta ya Baba Mkwe

Baba mkwe alikuja Mwanza kutibiwa macho. Alisema atakaa hadi daktari atakapomruhusu, akashuka na begi la nguo, mkungu wa ndizi, kopo la senene wa kukaanga na simu kubwa aliyonunuliwa na wanawe wa Dar es Salaam ili asijisikie mpweke. Mimi niliyeingia katika ukoo ule nikitokea kwa wavuvi wa upande wa Mara nilizifurahia ndizi na senene. Simu sikuitilia maanani.

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kutoka Kagera, wa enzi zile ambazo mwalimu mkuu alivaa koti hata jua likiwaka. Alikuwa pia mwenyekiti wa ukoo. Kila Jumapili baada ya misa ukoo ulikutana kwa video kupanga mkusanyiko wa Krismasi kijijini kwao. Nilidhani kikao cha namna hiyo ni salamu, maneno mawili matatu, kisha watu wanaagana. Sikuwajua.

Nyumba yetu iko Mkuyuni, mlimani, katikati ya mawe kama nyumba nyingi za upande huu. Chumba cha wageni kiko uani, na ukuta wake wa nyuma umeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Waifai ya ruta yetu ya sebuleni ilifika kwenye mlango wa chumba hicho ikiwa hoi, na ndani haikuingia kabisa. Hata mtandao wa kawaida wa simu ulipotea mle. Basi mzee akahamia sebuleni, kwenye kochi lililo chini ya ruta, akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai na kuongeza sauti hadi mwisho.

Tukaanza kuishi mbele ya ukoo. Kwetu huwezi kutoka chumbani kwenda uani bila kupita sebuleni. Jumapili moja nilipita na beseni la nguo mbichi, khanga kifuani, nikinyata. Mzee akageuza simu.

"Simama hapo, mama, wakusalimie."

Wakanisalimia, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyenizidi umri ilibidi nimpigie goti na beseni langu nikiiambia simu shikamoo. Shangazi wa mume wangu, aliyekuwa Bukoba, alisogea hadi pua yake ikajaa kioo.

"Mbona umekonda hivyo? Mwanetu hakulishi?"

Mwanetu, yaani mume wangu, wakati huohuo alikuwa anatoka bafuni na taulo. Alipoiona ile pua alirudi ndani, akajifungia, akakaa humo hadi kikao kilipofika kwenye mengineyo. Siku ile timu yake ilikuwa inacheza. Ilishinda, naye alisikia shangwe za majirani kupitia dirisha dogo la bafuni.

Nilikuwa nimeshamwomba mara nyingi aihamishe ruta karibu na uani. Alikataa. Ilikuwa imefungwa ukutani chini ya picha yake ya mahafali, na taa zake za kijani, alisema, zinaipendezesha sebule. Lakini baada ya Jumapili ile ya bafuni alikuja mezani na uso wa mtu aliyegundua tatizo lililokuwa likimsumbua kila mtu isipokuwa mkewe.

"Tunahitaji ruta ya pili," alitangaza. "Ile ya zamani ipo kabatini. Nitavuta waya kutoka hii ya sebuleni hadi kwa baba, niichomeke kule, itoe waifai chumbani kwake."

"Unajua kuifunga?"

"Mke wangu, nimehudhuria semina."

Mume wangu ni afisa utumishi. Semina anayoisema ilihusu mageuzi ya kidijitali, ilifanyika katika hoteli moja ufukweni, na kutoka huko alirudi na fulana, mkoba wa kitambaa na sifa nyingi za sato aliyekaangwa vizuri.

Jumamosi akaifanya kazi. Aliupitisha waya kwenye tundu la hewa la jikoni, akauning'iniza sambamba na kamba ya nguo, akauingiza dirishani kwa mzee. Mimi nilishika ngazi. Kila alipopanda kipandio aliniambia nisisogee, ingawa sikuwa nimesogea. Taa za ruta ya pili zilipowaka, mzee alizitazama kwa miwani yake myeusi ya hospitali, akapeana mkono na mwanawe kama wanaokabidhiana jengo la serikali.

Jumapili nilikuwa uani nikichambua mchele, na sauti ya mzee ilitoka dirishani safi kabisa. Alifungua kikao kwa sala, akasoma kumbukumbu, akapita kwenye yatokanayo, akafika kwenye ajenda yenyewe: rangi ya vitenge vya sare ya Krismasi. Yeye alitaka zambarau. Mdogo wake, mhasibu mstaafu aliyeko Dar es Salaam, alitaka njano, na jambo hili lilikuwa limeugawa ukoo kuliko mashamba yote ya migomba.

"Ndugu wajumbe," mzee akasema, "naomba tuelewane. Njano ni rangi ya..."

Kimya. Nikamsikia akigonga simu kwa kidole.

"Ya nini? Mnanisikia? Haloo?" Kisha mlango ukafunguka kwa kishindo. "Wamenikata! Mdogo wangu amenikata!"

Nikakimbilia sebuleni. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya televisheni, ambako mchezaji mmoja alikuwa ameganda hewani na kiduara kinazunguka juu ya tumbo lake.

"Ni tatizo la nchi nzima," alisema. "Itakuwa kebo ya baharini imekatika."

Nyumba ya pili, jirani alikuwa anaangalia kwaya mtandaoni na kuimba nayo, wala haikukatika hata mstari mmoja.

Niliporudi uani mzee hakuwepo. Alikuwa anapanda jiwe, lile la nyuma ya chumba chake, ambako huwa tunaanika dagaa. Alipanda na koti na tai, simu mkononi, akitafuta mtandao. Nikamfuata na fimbo yake.

"Baba, macho! Daktari alikataza jua!"

"Daktari hajui kinachoendelea kule!"

Juu ya jiwe simu ikashika. Mzee akajinyoosha, akaanza kwa sauti ya paredi ya asubuhi.

"Taarifa, ndugu wajumbe! Taarifa!"

Mlima mzima ulimsikia. Watu walitoka kwenye milango. Sauti ya mdogo wake ikajibu, tulivu, ya mtu aliyekwishamaliza kazi.

"Kaka, pole. Tumeshapitisha njano. Tuliuliza kama mwenyekiti anapinga, ukanyamaza."

"Nilinyamaza? Mimi niliyesema zambarau? Lini umewahi kuniona nimenyamaza?"

"Ulikuwa umetutumbulia macho tu, kaka, mdomo wazi. Tukajua umeguswa."

"Mzee," mama mmoja akapaza sauti kutoka nyumba ya chini, "hata sisi huku tunaunga mkono zambarau!"

Haikusaidia. Alishuka taratibu huku nimemshika mkono, na chakula cha mchana hakugusa. Nilipompelekea chai nilimkuta amekaa kitandani, tai imelegezwa. Nilikuwa nimecheka sana jikoni, lakini pale kicheko kiliniishia.

"Nimeongoza shule tatu," aliniambia. "Watoto, walimu, wazazi wakorofi. Hakuna aliyewahi kuamua jambo nikiwa nimefungua mdomo."

Kesho yake, nilipotoka shuleni ninakofundisha hisabati, niliishughulikia ruta. Kwanza nilichomoa ule waya. Baada ya muda mfupi mtandao ukarudi nyumba nzima. Nikauchomeka tena, na simu zetu zikaanza kudai zimeunganishwa ilhali hazifunguki kitu. Kebo ya baharini ikaondoka kwenye orodha ya washukiwa. Nikasoma maelezo kwa kutumia bando la simu yangu, nikaelewa. Ruta zote mbili zilikuwa zinatumia anwani ileile, na kila moja ilikuwa inagawa anwani kwa simu za nyumbani na kuziambia, "Njia ya kwenda nje ni mimi." Simu zilifanya kazi hadi zilipogeukia ile ya pili, ambayo haikuwa na njia yoyote ya kwenda nje.

Niliiunganisha peke yake na kompyuta yangu. Nikaipa anwani tofauti na ya ile ya sebuleni, nikaizima kazi ya kugawa anwani, nikaiwekea jina na neno la siri kama la mwenzake, kisha nikaurudisha waya kwenye moja ya matundu yake ya kawaida, siyo lile la rangi ya pekee la kupokelea mtandao wa nje. Mume wangu alinikuta nikimalizia.

"Unafanya nini?"

"Nimeiambia hii isigawe anwani. Iwe inatoa waifai tu, mambo mengine iiachie ile ya sebuleni."

Alifikiri kidogo. "Hicho ndicho nilichokuwa naelekea kukifanya."

"Na kebo?"

"Watakuwa wameitengeneza."

Tangu siku hiyo mtandao haujayumba. Kilichonishangaza ni kwamba chumbani kwa mzee ulikuwa na nguvu kuliko sebuleni, na habari hiyo haikukaa siri. Kwanza watoto walihamia kule na katuni zao, kisha mume wangu na mechi zake. Mzee aliwapokea wote kwa sharti moja: atakayekutwa mle kikao kinapoanza ni mjumbe. Mechi za Jumapili zikamponza mume wangu, akateuliwa kuwa katibu. Nilimsikia kupitia dirishani akisoma kumbukumbu huku baba yake akimsahihisha sarufi. Ajenda ya sare ilirudishwa mezani ikajadiliwa hadi kila mtu akachoka, na mwisho ukoo ukaamua kitenge chenye njano na zambarau pamoja. Nilipokiona kimeshonwa niliwahurumia watu wote waliozaliwa katika ukoo ule, kisha nikakivaa.

Mimi nikabaki na sebule. Nilikaa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, chupa ya chai ikiwa ya chai tu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nimekonda.

Mwezi wa kwanza, tuliporudi Mwanza na mzee kutoka Krismasi ya kijijini, daktari alisema macho yamepona. Mume wangu aliuliza kwa heshima kama atafute tiketi ya meli. Mzee alinigeukia mimi.

"Mama, hii ruta ya chumbani kwangu, nikienda nayo kijijini itafanya kazi?"

"Hapana, baba. Bila ile ya sebuleni ni boksi lenye taa."

Akatikisa kichwa, akanywa chai yake hadi mwisho. "Basi nitakaa mpaka Pasaka. Kuna mambo ya ukoo hayajakaa sawa."

Jioni ile aliniomba nimfundishe kubadilisha jina la waifai. Tukakaa pamoja, yeye akitafuta herufi moja moja, mimi nikimwonyesha pa kubonyeza. Asubuhi jirani wa kwaya alinisimamisha getini na simu mkononi.

"Jirani, simu yangu inaleta mtandao mpya unaitwa Mwenyekiti. Ni wa serikali ya mtaa?"

"Ni wa baba mkwe," nikamwambia, nikawahi kipindi cha kwanza.