Niliandika Asili ya Kila Nyumba

Mtu akinipenda kabla hajanijua, namwogopa. Wakati wa kampeni, Ruashi nzima, hapa Lubumbashi, ilijaa watu wa aina hiyo. Walipita na magari yenye vipaza sauti, wakatuita mama zetu, dada zetu, nguvu ya nchi. Wiki mbili kabla ya hapo, hata mmoja wao hakujua kwamba mvua ikinyesha, maji ya avenyu yetu yanaingia mpaka chini ya kitanda. Nilikuwa na mtoto wa miaka minne, mume anayeshinda chini ya magari ya watu akitengeneza, na mama mkwe aliyemlea mtoto wangu nikiwa sokoni nauza unga. Sikuwa na nafasi ya kupendwa bure.

Lakini nilikuwa na kura, na sikutaka kuitupa. Kwa kila mgombea urais nilikuwa na swali moja: huyu anatafuta nini? Sikujali anasema nini. Kusema, wote wanasema.

Baba mdogo wangu hakuwa na swali. Yeye ni mdogo wa marehemu baba yangu, na wakati huo aliongoza chama cha watu wa kwetu, watu wa kaskazini ya Katanga. Hapa mjini kila watu wana chama chao. Kinazika, kinaozesha, kinapatanisha wanaogombana, na uchaguzi ukifika kinaamua. Cha kwetu kilikuwa kimeshaamua. "Huyu ni mutoto wa kwetu," alisema baba mdogo, na kwake hapo tabia yote ya mtu ilikuwa imekwisha kuelezwa. Nilimwuliza kama mtoto huyo wa kwetu aliwahi kuonekana hata kwenye kilio kimoja cha kwetu. Akanijibu kwamba wakubwa wana kazi nyingi.

Mimi nilikuwa mwandishi wa akina mama katika chama, kwa sababu nilimaliza sekondari na mwandiko wangu unasomeka. Akaniletea daftari lenye safu nne. Jina. Simu. Namba ya nyumba. Asili.

Mtu wa mbali anaweza kushangaa. Sisi hatushangai. Karatasi zetu zote zinauliza hilo, ya shule, ya hospitali, ya kuombea kazi. Hata kadi ya kupiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, imeandikwa mkoa alikotoka babu yako, hata kama wewe hujawahi kukanyaga huko. Tumezoea kujaza asili kama tunavyojaza tarehe. Nami niliijaza hivyo hivyo. Nilipita avenyu yetu lupango kwa lupango, yaani ua kwa ua, watu wakanipa kadi zao, nikanakili. Baba mdogo alikuwa amesema ni ya kugawa vitenge vya kampeni vyenye sura ya mgombea.

Nilipofika kwetu, mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua maharage. Akapangusa mikono, akatoa kadi yake.

"Andika muzuri," akasema. "Na useme miye niko munene, banipatie kitenge ya kuenea."

"Mama, hata mutu yenyewe haumupendi."

"Sura yake nitaikalia."

Tukacheka mpaka mtoto akaja kuuliza tunacheka nini. Nikaandika: asili, Kasai. Alizaliwa Lubumbashi, siyo mkoani huko. Baba yake alikaza nati za reli mpaka mgongo ukapinda, hapa hapa. Safu haikuuliza hilo.

Jumapili baada ya misa, chama kilikusanyika kwenye lupango ya baba mdogo. Mjumbe wa mgombea alikuja na viatu visivyojua vumbi la Ruashi. Alisema juu ya ardhi yetu, shaba iliyo chini ya miguu yetu, na watu waliokuja kula wakati wenye nyumba wamelala. Akina mama wakapiga makofi. Ukweli ni kwamba mimi pia nilikaribia kupiga. Malori ya mgodi yanapita kila siku, vumbi lao linakaa juu ya unga wangu, na hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kupata kazi kwenye mgodi huo. Hasira nilikuwa nayo, tena ya kweli. Yeye alikuwa anaitafutia tu mtu wa kuibeba.

Kisha akaomba daftari. Akatoa kalamu nyekundu, akaanza kuzungushia majina. Nilidhani anapanga vitenge. Nilipopita nyuma yake na sinia ya vinywaji, nikaona kwamba duara zote zilikuwa kwenye majina ya watu wa asili ya Kasai. Jina la tatu lilikuwa la mama mkwe wangu.

"Papa, hii alama ni ya nini?"

"Ni ya kujipanga tu, mama."

"Kujipanga kufanya nini?"

Akamgeukia baba mdogo akicheka. "Huyu njo mwandishi wenu? Anauliza sana kama polisi!"

Wote wakacheka. Nikabaki nimesimama na sinia yangu. Ndipo akanijibu, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. "Tukishinda, hatuna maneno na mutu. Lakini bakituiba kura, lazima tujue banalala wapi."

Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayesema lazima tujue paa linavuja wapi. Hapo nilijua tabia ya mgombea wake, ingawa mgombea mwenyewe sikuwahi kumwona ila kwenye kitambaa. Kwangu, mtu ni wale anaowatuma.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu. Hakuacha hata kula. "Ni siasa," akasema. "Itapita."

Mama mkwe alikuwa nyuma yetu na chujio mkononi. Sikujua kama alikuwa anasikiliza.

"Na miye uliniandika?"

"Ndiyo, mama."

"Na mukono yako?"

"Na mukono yangu."

Afadhali angenitukana. Aliketi akanieleza jambo ambalo miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kulisema. Miaka ya tisini, walipofukuzwa watu wa Kasai hapa Katanga, yeye alikuwa mama kijana kama mimi. Alikaa kwenye stesheni ya treni na mtoto wake wa kwanza mgongoni, majuma kwa majuma, akingoja kupelekwa "kwao", mahali ambako hakuwa amewahi kupaona. "Hata ile siku ilianza na mutu ya kuandika," akasema. "Jirani. Alikuwa anakuja kwetu kuomba chumvi."

Akaingia chumbani, akatoa mfuko, akatia vitenge viwili na dawa zake za presha. Angesubiri apige kura, kisha angekwenda kwa mdogo wake Likasi, mji ambako daftari langu halikufika, mpaka watangaze matokeo. Nilimsihi. Akasema, "Mwana, miye sikukasirikia. Lakini mara ya pili haitanikuta nalala."

Nilikuwa na siku chache za kumfanya abaki. Asubuhi nikaenda kwa baba mdogo, nikamwambia anipe daftari.

"La nini?"

"Nilifute."

"Mwana yangu, tulia. Mutoto wa kwetu akipanda, tutakula bote."

"Na mutoto wangu miye? Naye atakula?"

Akasema jambo ambalo hata leo likinijia nikiwa nasonga bukari, ugali wetu, mwiko unasimama. "Mutoto ni wa baba yake. Hiyo unaijua."

Miaka minne alikuwa amempakata mtoto huyo kila Krismasi. Nikaingia ndani bila ruhusa, nikachukua daftari juu ya kabati, nikachana kurasa zote za avenyu yetu mbele yake. Hakunizuia. Alinitazama kwa huruma. "Mujumbe alishapiga picha kila ukurasa na telefoni. Unachana bule." Kisha akaniambia kwamba chama hakinihitaji tena. Nikamwambia asante, ndiyo zawadi ya kwanza chama kunipa.

Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilitaka kumchagua mgombea mwingine yeyote, mradi awe adui wa huyu. Mgombea mkubwa wa pili aliungwa mkono na chama cha watu wa Kasai, na kaka wa mume wangu alikuwa mmoja wa wakubwa wa chama hicho. Nikaenda kwake nikidhani kwamba watu waliowahi kufukuzwa hawawezi kufukuza. Huo ulikuwa ujinga wangu wa pili. Alifurahi kuniona. Akanionyesha daftari lake kwa fahari. Safu nne zile zile! Nikatafuta nyumba yetu. Jina la mume wangu, simu, namba, asili. Na pembeni, kwa wino mwingine: "Bibi ni Mukatanga", yaani mimi mkewe, na alama ya kuuliza.

"Shemeki, hii alama ya kuuliza ni ya nini?"

Akacheka kicheko cha aibu. "Ni kwa kujua tu benye batatuuzisha."

"Miye? Mwenye nilizaa mutoto yenu?"

"Usikasirike, shemeki. Siye hatukuanzisha."

"Hakuna mwenye alianzisha," nikamwambia. "Bote munaendelesha tu."

Nilitoka pale na njaa ya kumpiga mtu.

Wa tatu nilimpata kwa bahati. Mwalimu wangu wa zamani wa Kifaransa alikuwa anamfanyia kampeni mgombea ambaye hata wimbo hakuwa nao. Alikuja dukani kwa jirani yangu sokoni na karatasi moja iliyokunjwa. Majina na simu tu. Nikamwuliza asili iko wapi.

"Karatasi ni moja," akasema. "Haikuenea."

Sikumwamini. Asiye na nguvu hajapimwa bado. Labda na yeye akipata karatasi ya pili ataongeza safu. Nikamwuliza mgombea wake anatafuta nini.

"Anatafuta kutawala, mwana. Kama bengine."

Alikuwa mtu wa kwanza wa kampeni kunijibu swali hilo bila kutaja Mungu wala taifa. Nikavuta gunia, nikamwambia aketi. Tabia yake je?

"Iko na kiburi," akasema mwalimu. "Shauri hasikii. Nilifanya naye kazi kwenye masomo moja, shule ya hapa. Miaka ile ya kufukuzana balimuomba daftari ya banafunzi benye asili ya Kasai. Akasema imepotea. Bakarudi mara tatu. Kila mara, imepotea."

Hadithi nzuri mno. Wakati wa kampeni hadithi za namna hiyo huota kama uyoga. Nikawatafuta watu wawili waliosoma shule ile. Mmoja akaapa kwamba ni kweli, alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Mwingine akasema yule bwana alikuwa mvurugaji tu, na daftari lilikuwa limepotea kweli.

Nilikaa na mambo hayo mawili kwa siku mbili. Mwishowe nikaona kwamba sitapata mgombea ninayemwamini, na labda siyo kazi ya mpiga kura kuamini. Kati ya mtu aliyepoteza daftari, hata kama kwa uzembe, na watu wawili waliolitunza vizuri namna ile, nilichagua aliyepoteza. Nilimweleza mama mkwe sababu yangu nikiwa namsuka nywele. Nilitumaini atasema basi, nabaki. Akasema, "Sababu yako iko muzuri. Lakini atashinda?"

Nikachukua fungu lingine la nywele.

Siku ya kura tulipanga foleni pamoja shuleni, yeye na mfuko wake begani. Alipiga kura, akatoka na kidole cheusi, tukaenda moja kwa moja mpaka kwenye gari za Likasi. Mtoto wangu alilia kwa sauti iliyowafanya abiria wote kugeuka. Mwanamke aliyezaliwa mji huu, aliyezaa mji huu, alipanda gari kuukimbia kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri.

Niliyemchagua hakushinda, hata karibu. Na katika avenyu yetu hapakutokea kitu. Nasema kweli, hata jiwe moja halikurushwa. Mama mkwe alikaa Likasi majuma matano. Sokoni nilikwenda na mtoto, akapata kikohozi cha vumbi. Usiku mume wangu hakusema tena kwamba ni siasa tu.

Mama mkwe aliporudi, baba mdogo alikuja kutusalimu, amevaa shati la kanisani. Nadhani alikuja kunionyesha kwamba nilijitia wazimu bure.

"Unaona?" akaniambia kabla hajaketi. "Hakuna kintu ilifanyika."

Nikafungua kinywa. Mama mkwe akaniwahi.

"Ilifanyika," akasema. "Nilienda."

"Mama, hakuna mutu alikufukuza."

"Njo ile minasema. Sasa munajua ya kuwa hamuna lazima ya kunifukuza. Kuandika tu inatosha."

Akamletea maji mwenyewe, kwa mikono miwili, kama anavyompa kila mgeni. Baba mdogo akanywa yote, akarudisha kikombe, akabaki anatazama mikono yake. Mtoto wangu akaja akapanda mapajani pake kama kawaida. Sikumwita ashuke. Nilitaka nione baba mdogo atamshika vipi.