Sare Niliyowavalisha Wenzangu

Jamani, nimemponza mwenzangu. Nimemponza kwa doti ya kanga, tena kanga niliyoichagua mwenyewe kwa mikono hii. Mkimaliza kusoma mtanilaani. Nilaanini tu, nimeshajilaani kabla yenu.

Mie ni mjane wa Temeke, nauza mitumba. Mume wangu alikufa kwa ugonjwa huu wa siku hizi, na mie nikapimwa nikakutwa nao. Nililia, nikanyamaza, mwisho nikachoka kunyamaza. Siku moja watu wa afya walifanya mkutano wa hadhara uwanjani, wakauliza kama kuna mwenye la kusema. Nikapanda jukwaani, nikataja jina langu na ugonjwa wangu mbele ya umati. Tangu hapo Temeke nzima inanijua. Wapo walioacha kununua kwangu, wapo walioninyima hata salamu, lakini nililala usingizi kwa mara ya kwanza tangu nizike.

Basi usingizi ule ukanipa kichwa kikubwa!

Tulikuwa na kikundi chetu, wanawake watupu, wote hali moja. Tulikutana kila Alhamisi kwenye chumba cha nyuma cha zahanati moja, kila mtu na kitambaa chake na sindano, maana nyumbani tuliaga kwamba tunakwenda kujifunza kufuma. Mle ndani tulisema kila kitu: nani anaharisha, nani kakimbiwa na mumewe, nani anaogopa kufa akaacha watoto wadogo. Tulicheka pia, msidhani. Sharti letu lilikuwa moja tu. Tukikutana njiani ni salamu na kupita, hakuna kuulizana habari za kifua wala dawa.

Sharti hilo lilinikera. "Nyie mnajificha kama wezi wa kuku," niliwaambia. "Mtajificha mpaka lini?"

Aliyenijibu siku zote alikuwa Mama Zena. Nimempa jina hilo, si lake. Alikuwa mpole, hasemi mpaka amalize mshono. "Shoga, wewe umesema kwa kinywa chako," ananiambia. "Niachie na mie changu."

Alikuwa na binti mmoja tu, na binti hakujua. "Nikishamwoza, akatulia kwake, nitamkalisha nimweleze mwenyewe," alikuwa akisema. "Nataka ayasikie kwangu." Aliyarudia maneno hayo mara nyingi, hata mie nikawa namtania kwamba anafanya mazoezi ya hotuba.

Binti akapata mchumba, watu wa Manzese, watu wa heshima zao. Mama Zena alikuja kutualika kikundini huku machozi ya furaha yanamtoka. "Njooni wote," akasema, "ila njooni mmoja mmoja, kama majirani tu."

Mmoja mmoja! Mie nikaona huo ni unyonge gani. Mnazijua shughuli za kwetu. Wenzake wa upatu watakuja na sare, majirani watakuja na sare, ukoo wa mume ndio usiseme. Halafu sie tuliomfuta machozi alipokuwa hana mtu, tukae pembeni kila mtu na kanga yake kama wapita njia? Enzi za foleni na maduka matupu tungesingizia kwamba kanga hakuna. Sasa mambo ruksa, kanga zimejaa mpaka barazani!

Nikaenda Kariakoo. Nikachukua za njano na zambarau, zimeandikwa TUMEKUJA KWA MWENZETU. Nikawapitia wenzangu makwao nikawagawia. Wawili walisita, nikawatia maneno mpaka wakaona haya kukataa. "Kwani kanga imeandikwa jina la ugonjwa?" ndivyo nilivyowaambia. Yarabi, mdomo huu!

Mama Zena sikumwambia kitu. Nilitaka kumfurahisha.

Siku ya shughuli, kaseti ya taarabu ikawekwa, akina mama wakaanza kutunza. Kila kikundi kinaingia na sare yake, kinacheza hadi kwa mama wa bibi harusi. Ilipofika zamu yetu nikatangulia mie, mikono juu, wenzangu nyuma yangu. Nilikuwa nimemwekea na yeye doti yake. Nikamfunga moja kiunoni, nyingine nikamtupia begani. Akakakamaa. Akaniambia sikioni, "Shoga, umefanya nini?"

Nikadhani furaha imemzidi. Nikapiga kigelegele.

Shangazi wa bwana harusi alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele. Alinitazama, akanitazama tena. Akainuka, akanishika mkono kwa adabu kabisa.

"Samahani, dada. Si wewe uliyesimama uwanjani siku ile ya watu wa afya?"

"Ndiyo mie."

"Na hawa mliovaa sawa, ni wenzako wa wapi?"

Jibu la kufuma vitambaa nilikuwa nalo, lakini nilichelewa kulitoa. Macho yake yalishaniacha, yanapita kwa wenzangu mmoja baada ya mwingine, mpaka yakamfikia mama wa bibi harusi na ile kanga begani.

"Wa kufuma," nikasema.

"Ahaa," akasema. Akarudi mkekani akachukua mkoba wake, na chakula hakukigusa.

Nilitaka kumkimbilia Mama Zena nimvue ile kanga, lakini ningemvuaje mbele ya watu wote wale? Alikuwa bado anachezeshwa, anajilazimisha kutabasamu.

Fungate haikwisha. Binti alirudishwa kwao na nguo zake. Habari za mama yake alizisikia uani kwa mawifi, hina bado mbichi mkononi. Eti hawawezi kula chakula cha mtu aliyetoka nyumba ile. Mtoto wa watu hana hata dalili, kosa lake ni kuzaliwa!

Na kanga ile haikuishia kwa Mama Zena. Mwenzetu mmoja kafukuzwa na mwenye nyumba. Mwingine mumewe kamchukulia watoto. Alhamisi nakwenda zahanati, nakaa na nesi tunatazamana. Hakuna anayekuja.

Binti alihamia kwa mjomba wake. Nilimfuata. Alinipa shikamoo, hakusahau adabu, ila hakunikaribisha ndani.

"Mama, nyie wote mlijua," aliniambia. "Hata shangazi wa mume wangu alijua kabla yangu. Mama yangu alikuwa anieleze mwenyewe. Angeanzaje? Angesemaje? Sitajua tena. Umeshamsemea."

Nikamwambia mama yake anakohoa, aende akamwone. Akafunga mlango taratibu. Heri angenitukana!

Ni kweli anakohoa. Alikuwa kwenye dawa za kifua, zile za miezi mingi, kaziacha. Kuzifuata ni kupita mbele za watu, naye hataki tena kuonekana. Nesi ameniambia waziwazi kwamba akiendelea kuziacha hatafika mbali. Kila asubuhi nampelekea uji. Mpangaji mwenzake ananirudishia bakuli jioni, kifuniko hakijainuliwa. Juzi nilikaa mlangoni kwake nikalia kama mtoto, nikamwomba anitukane, anipige, chochote, ila ameze dawa. Nilimsikia akikohoa ndani.

Nifanye nini, jamani? Nimepiga magoti mpaka yameota sugu.

Nyie wenye vikundi kama chetu, nawaomba. Kusema ni dawa, sikatai, mie iliniponya roho. Lakini usimnyweshe mwenzio kwa nguvu kwa sababu wewe imekufaa. Akikwambia uje peke yako, nenda peke yako. Akipita kimya njiani, mwache apite. Mie niliona ni woga, kumbe alikuwa anamtunzia mwanawe maneno yake.

Na wewe mwanangu, ukisoma utajijua. Uji wangu anaurudisha, wako hataurudisha. Nenda. Umfokee au umnunie, ni haki yako, lakini nenda na zile dawa. Akianza kukueleza, usimwambie unajua. Mwache akueleze mwenyewe, tangu mwanzo.

Mtaniuliza, wewe uliyepanda jukwaani, leo mbona umeficha jina? Jina langu wanalijua Temeke nzima, halinitishi. Lakini nikiliandika hapa, kila niliyewahi kuonekana naye atakuwa amevaa sare tena.